Mtoto Niliyemwona Kabla ya Mama Yake

Binti yangu nilimwona wiki sita kabla hajazaliwa. Hizo zilikuwa zama za Mwingereza, na sidhani kama kati ya Bukoba na Muleba kulikuwa na baba mwingine aliyeweza kusema hivyo. Nilijivuna. Leo naliandika neno hilo kwa aibu.

Nilikuwa mpiga picha za eksirei katika hospitali ya misheni upande wa Muleba, juu ya kilima ambacho asubuhi nyingi kilizama katika ukungu wa ziwa. Mwanzoni nilikuwa dresa tu, wa kuosha vidonda na kufunga bandeji. Kisha mashine ikaletwa kwa meli hadi gati la Bukoba, ikapakiwa kwenye lori, na pale lori lilipokwama wanaume wa vibanja vya migomba vya jirani waliibeba mabegani huku wakiimba. Sista Mzungu aliyeijua kazi ile alinichagua mimi kwa sababu, alisema, sikuwa mtu wa haraka. Alinifundisha kumlaza mgonjwa, kupima unene wa kifua, kukadiria muda wa kubonyeza, na kusafisha filamu katika chumba cha giza, chini ya taa nyekundu, ndani ya matangi ya dawa iliyonuka kama siki. Alipomaliza kunifundisha alirudi kwao, nikabaki peke yangu na mashine.

Maneno ya kazi yangu yalikuwa machache. "Vuta pumzi. Usipumue." Nabonyeza. "Haya, pumua." Wazee niliwaambia kwa Kihaya, na wengine waliendelea kuzuia pumzi hata baada ya kuruhusiwa, wakinitazama kwa macho ya hofu mpaka niwaguse bega.

Daktari, naye Mzungu, mrefu, mwenye Kihaya cha kuchekesha lakini kilichoeleweka, aliniwekea sheria moja. "Wewe unapiga, mimi nasoma." Nisimwambie mgonjwa lolote. Lakini macho hayafungwi kwa sheria. Nilikutana na watu njiani, wakanisalimia wakicheka, nami nilijua tundu lililokuwa kwenye pafu la mmoja wao kabla yeye hajaambiwa. Nilipokwenda Buhembe kuwaona wazazi wangu na kuingia kanisani, kulikuwa na wanawake waliovuta kanga zao kifuani nilipopita. Walidhani naona bila mashine. Nilicheka, ingawa si sana.

Mke wangu alitoka Nshamba, kwa watu wa kahawa na migomba, Wakatoliki. Kuolewa kwake na Mlutheri kulimuumiza mama yake, lakini mama huyo hakupiga kelele. Aliacha tu kutaja jina langu. Mke wangu alipopata mimba ya kwanza tumbo lilikuwa kubwa mno. Mkunga wa hospitali alilipapasa mwezi wa nane akasema anasikia kama vichwa viwili. Nikamwomba daktari anipe ruhusa ya picha.

"Ya nini?" alisema. "Wakiwa wawili watatoka wawili. Tutajua siku hiyo."

Ijumaa moja daktari alikwenda kukagua zahanati ya mbali. Wagonjwa wangu walikwisha kabla ya saa sita, na jenereta ilikuwa bado inanguruma. Nilimwambia fundi wa jenereta asiizime kwanza, nikatembea hadi nyumbani, nyuma tu ya hospitali, nikamkuta mke wangu anamenya ndizi.

"Twende nikakuoneshe mtoto," nilimwambia.

Alicheka. Akaosha mikono, akanifuata.

Nilimlaza juu ya meza. Alilalamika kuwa ni baridi, nikamkunjia shuka mgongoni. "Vuta pumzi. Usipumue." Katika chumba cha giza nikaona picha ya kwanza imeharibika, mtoto alikuwa amecheza, na mifupa yake ilitoka kama moshi. Nikarudi, nikapiga ya pili. Nayo haikunipendeza. Nikamgeuza ubavu, nikapiga ya tatu.

Ya tatu ilitoka safi. Alikuwa mtoto mmoja. Kichwa chini, uti wa mgongo umejikunja, mkono mmoja karibu na uso. Nilisimama chini ya ile taa nyekundu, maji yakinidondokea viatuni, nikamtazama kwa furaha. Kwenye daftari la picha sikuandika kitu. Mbili nilizitupa, ya tatu nikaipeleka nyumbani.

Mama mkwe alikuja kutoka Nshamba kumsaidia binti yake kujifungua. Kwa heshima ya kwetu hatukukaa mimi na yeye uso kwa uso. Yeye alikaa chumba cha ndani, mimi sebuleni. Nilimpa mke wangu ile filamu aende kumwonesha kwenye mwanga wa dirisha. Kisha nikasikia sauti ya mama mkwe, akimwambia binti yake maneno yaliyonilenga mimi.

"Mwambie mumeo, huyu alikuwa amejificha. Nani amemruhusu kumfunua?"

Nilicheka tena. Nilikuwa mwepesi wa kucheka miaka ile.

Binti yetu alizaliwa salama, akakua vizuri. Alikuwa na miguu ya haraka na maneno mengi, Kihaya na Kiswahili vimechanganyika. Alipenda kuja mlangoni kwangu kazi ikiisha, na nyumbani alicheza mchezo wa picha. Mwanasesere wake wa maganda ya mgomba alilazwa juu ya kinu kilichopinduliwa, naye akasimama mbali, uso mkali kama wangu. "Usipumue!" alimwamuru. Kisha anasahau, anakimbilia jambo jingine, mwanasesere anabaki pale bila ruhusa ya kupumua. Nilikuwa nikimwambia, "Mwambie apumue, atakufa huyo." Naye, aliyeniita Tata kama watoto wa Kihaya wamwitavyo baba, anarudi mbio, "Pumua, pumua, Tata kasema."

Alikuwa katika mwaka wa nne alipoanza kuchoka. Mwanzoni tulidhani ni malaria, tukampa dawa ya malaria. Akawa mweupe viganjani na ndani ya midomo. Nikaona alama za bluu miguuni, kama mtoto aliyeanguka, lakini alikuwa haanguki kwa sababu alikuwa hachezi tena. Siku moja pua ilitoka damu asubuhi, na mpaka mchana haikukatika. Daktari alichukua tone la damu yake akaliweka chini ya darubini. Alikaa pale muda mrefu kuliko kawaida. Aliponyanyua kichwa alinitazama mimi, si mke wangu.

"Ni ugonjwa wa damu yenyewe," alisema. "Hapa sina dawa yake. Hata kwetu hawana."

Binti yetu alikaa wodini majuma matatu. Siku ya mwisho, mchana, jua likiwa limejaa dirishani, mke wangu alimpakata nami nikamshika mguu. Alivuta pumzi, akanyamaza. Niliingoja pumzi iliyofuata, na ulimi wangu, kwa mazoea ya kazi, ulikuwa tayari na lile neno, "Pumua." Nilikuwa nimelifungulia mdomo kabisa. Mke wangu akaanza kulia, ndipo nikaelewa kuwa nasubiri bure.

Tulimzika Buhembe, kwenye kibanja cha baba yangu. Nilirudi kazini baada ya siku kumi. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mzee wa kikohozi. Nilimsimamisha vizuri, nikamwambia avute pumzi, kisha "usipumue" ikakataa kutoka. Mzee akageuka kunitazama. Ilibidi nimwoneshe kwa mkono, kiganja juu ya kifua. Kwa miaka nilifanya kazi hivyo, kwa ishara, na watu wakasema mpiga picha amekuwa bubu kwa majonzi.

Huzuni ile ningeibeba kama wengine wanavyobeba zao. Kilichonipata ni kingine, na kilikuja zaidi ya mwaka baadaye, daktari aliporudi kutoka likizo kwao. Alituita wakunga, manesi na mimi ofisini.

"Wanawake wajawazito hatuwapigi tena picha," alisema, "ila pale ambapo mama au mtoto atakufa tusipopiga. Huko kwetu madaktari wameanza kuwa na wasiwasi juu ya watoto waliopigwa picha tumboni."

Mkunga akauliza kwa adabu ya Kihaya, "Wanapata nini, waitu?"

"Baadhi wanaugua damu. Si wote, ni wachache sana. Bado wanabishana."

Aliendelea kusema juu ya mambo mengine, blanketi na sabuni. Mimi nilikuwa natazama kidole changu cha kubonyezea. Daktari hakujua kuhusu ile Ijumaa. Hakuna aliyejua ila mimi, mke wangu na mama mkwe.

Siku ile nilishinda ndani ya chumba cha giza. Hapakuwa na filamu ya kusafisha. Nilipozima taa nyekundu nilisikia, wazi kabisa, kwa sauti ile ndogo ya kuamuru, "Usipumue!" Nikajua ni akili yangu. Nikawasha taa. Tangu hapo niliisikia mara nyingi, kila filamu ilipokuwa ndani ya dawa na umbo linaanza kujitokeza, na sikuwahi kuizoea.

Nikalifungua daftari la picha. Katika miaka yangu nilikuwa nimewapiga wajawazito wengine kwa amri ya daktari. Niliandika vijiji vyao kwenye karatasi, na kila siku yangu ya mapumziko nilipanda baiskeli kwenda kutafuta watoto wao. Nilidanganya kuwa hospitali imenituma kuuliza hali. Wanawake walinikaribisha, wakanipa kahawa ya kutafuna, wakawaita watoto waje kumwamkia mgeni. Nami nilijifanya nawachezea kumbe natazama miguu yao, viganja vyao, ndani ya midomo yao.

Walikuwa wazima. Nilikwenda Nshamba, nilikwenda kwenye vilima vya Muleba, mara mbili nikapanda lori hadi Kagondo karibu na mji wa Bukoba. Wazima, isipokuwa mmoja aliyekuwa amekufa kwa surua pamoja na watoto wengine wa kijiji chake. Mmoja alipanda mti wa mkuyu mbele yangu ili nimwone anavyoweza. Ningepaswa kufurahi. Badala yake, kila nilipopanda baiskeli kurudi, niliona mzigo umeongezeka. Wao walipigwa picha moja, kwa haja. Wangu nilimpiga tatu, kwa kutaka kuona tu.

Mke wangu alijua kwa njia ambayo ningepaswa kuitazamia. Alikwenda kwao Nshamba kumwona mama yake, na gulioni mwanamke mmoja akamshika mkono.

"Mumeo alikuja kumtazama mwanangu miguu," alimwambia. "Mwanangu ana nini? Niambie, mwenzangu, usinifiche."

Aliporudi alinikuta nyuma ya nyumba natandaza nyasi kwenye migomba. Hakuweka chini hata kikapu.

"Umekuwa ukitazama miguu ya watoto wa watu. Kwa nini?"

Nikamwambia yote. Nilimweleza maneno ya daktari kama alivyoyasema, nisipunguze wala kuongeza. Alisikiliza amesimama, kikapu kichwani, shingo imenyooka.

"Zilikuwa picha ngapi?" aliuliza.

"Tatu."

"Mtoto mmoja, picha tatu?"

"Ya kwanza iliharibika. Alicheza."

"Alicheza," alirudia taratibu. "Alikuwa anakukimbia."

Kisha akauliza, "Usingepiga, angeishi?"

"Sijui."

"Na daktari?"

"Hata yeye hajui. Hakuna anayejua."

Aliingia ndani, akafungua sanduku langu la nguo, akatoa ile filamu. Nilikuwa sijui kama anafahamu ilipo. Hatukuwa na picha nyingine yoyote ya mtoto yule. Aliishika kwenye mwanga wa mlango kwa muda mrefu, akauweka mkono wake juu ya ule mkono mdogo. Asubuhi yake aliikunja ndani ya kanga, akaenda kwao. Sikumzuia, na tangu siku hiyo sijaiona wala sijauliza.

Alikaa Nshamba msimu mzima wa kahawa. Mimi nilibaki na nyumba. Wenzangu waliniletea chakula na kuniambia wanawake hurudi. Siku moja sikuweza kuvumilia tena, nikaenda kwa daktari nikafunga mlango nyuma yangu. Nilimwambia kuhusu ile Ijumaa, jenereta, daftari ambalo sikuandika kitu. Nilitegemea anifukuze kazi, na nadhani nilitaka anifukuze.

Alivua miwani. "Ulivunja amri yangu," alisema, "na hilo ni kosa, nitaliandika. Lakini hilo jingine siwezi kukuhukumu. Watoto wanaugua damu hata ambapo mashine hii haijafika. Na mimi mwenyewe nimeamuru picha nyingi kuliko wewe. Sikujua."

"Sasa nifanye nini, Bwana Daktari?"

"Sijui nikuambie nini," alisema. Kilikuwa Kihaya chake kibovu, lakini sijasikia jibu la kweli kuliko hilo.

Mke wangu alirudi siku ya mvua. Nyuma yake alikuja mama yake, amejifunika jani la mgomba, amebeba mkungu. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, yule mama alisimama mbele yangu akasema nami moja kwa moja. Niliinamisha macho.

"Mwana wange," alisema, "nilikuwa nimemwambia akuache. Baadaye nikafikiri. Mimi nilizika wanne, na hao hakuna aliyewapiga picha. Nimemleta. Sikusamehe, kwa maana sijui nisamehe nini. Mpokee."

Nikaupokea ule mkungu, kisha nikampokea mke wangu.

Tulipata watoto wengine wawili. Wote walizaliwa Nshamba, kwa bibi yao, mbali na hospitali yangu, na habari zao nililetewa na mtu wa baiskeli. Alipokuwa mjamzito mke wangu hakupita karibu na jengo la eksirei. Alizunguka nyuma kwenye mikaratusi hata kama mvua inanyesha. Hakunikumbusha kwa maneno. Lakini mtoto akipata homa ndogo tu, sote wawili tulikuwa tunamtazama miguu, na kila mmoja akijua mwenzake anatazama nini.

Nilidhani sitampiga tena mjamzito. Kisha akaletwa mwanamke kwenye machela, siku mbili za uchungu, mfupa wa nyonga umepinda tangu utoto. Daktari alimpima akaniita.

"Nataka picha sasa hivi. Nisipojua njia ikoje, nitawapoteza wote wawili."

"Siwezi," nilisema.

"Basi nifundishe, nibonyeze mimi."

Niliitazama mikono yake mikubwa ya kupasulia. Ingemchukua picha tatu, nne. Nikavuta mashine.

Kabla sijabonyeza nilimwinamia yule mwanamke. Sheria ilisema nisiseme kitu, lakini nilisema. "Mama, picha hii huenda ikamdhuru mtoto baadaye. Sijui. Tusipoipiga, daktari anasema mtakufa."

Alikuwa amechoka hadi midomo ilikuwa imepasuka. "Baadaye ipi?" alisema. "Piga."

"Vuta pumzi," nikamwambia. "Usipumue." Neno lilitoka. Baada yake nikamwambia apumue, nikasimama nikimtazama mpaka nikahakikisha anapumua.

Picha moja. Ilitoka safi. Daktari aliisoma ikiwa bado inachuruzika maji, akaenda kupasua. Nilikuwa nimeketi kwenye ngazi za nje, mikono bado inanuka dawa, niliposikia mtoto analia.

Nyumbani nilimweleza mke wangu. Alikuwa anachambua maharage, na hakuinua macho.

"Ulimwambia kabla hujapiga?"

"Nilimwambia."

"Akasema nini?"

"Alisema nipige."

Aliendelea kuchambua. Lakini kesho yake asubuhi alipika uji, akaufunika vizuri, akaenda nao wodini kwa yule mama. Alipita njia ya mbele, karibu kabisa na jengo la eksirei. Alikaa huko mpaka mchana, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Walizungumza nini, sikumwuliza.